Je, mthamini wa kazi za sanaa atanisaidia kupanga bei za picha zangu?

Mchoraji wa Dunda
Habari zenu, ndugu zangu. Ninachora hapa Bagamoyo, hasa majahazi na milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, na kwa miaka minne bei nimekuwa nikiitaja kwa kumtazama mteja. Mwezi uliopita wageni wawili walionunua picha za ukubwa mmoja walilinganisha bei hotelini, na mmoja akanirudia kwa hasira. Niliona aibu sana. Nikimlipa mthamini, atanipa bei ya haki?

Mkufunzi Mstaafu
Pole, mwanangu. Mthamini habuni bei. Hutafuta kazi zinazofanana ambazo zimekwisha kuuzwa, kisha hulinganisha ukubwa, malighafi, hali ya kazi na jina la msanii. Picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 baada ya kuchora kwa miaka michache tu, zina mauzo ya kulinganishia, na hata hizo huanza kwa swali la kama kweli ni za mkono wake au za wafuasi wake. Wewe huna kumbukumbu za mauzo, kwa hiyo mthamini hatakuwa na pa kushika. Fungua daftari leo, uandike kila picha, ukubwa wake, tarehe, bei na mnunuzi.

Bi. Fremu
Naunga mkono. Kaka, pima kwa sentimita: picha ya 40 kwa 60 ina sentimita za mraba 2,400, na ukiweka shilingi 50 kwa kila moja unapata shilingi 120,000, kabla ya gharama ya kanvasi na fremu. Kiwango ni chako kukiamua, ila kikishawekwa kisibadilike kwa sura ya mteja, na duka likikudai kamisheni, itoke ndani ya bei hiyo hiyo badala ya kumwongezea mnunuzi.

Mrithi
Mimi nilihitaji mthamini kwa kinyago cha marehemu babu, kwa ajili ya bima. Thamani ya bima kwa kawaida huzidi bei ya sokoni, kwa hiyo msizichanganye. Mkataeni pia anayedai asilimia ya thamani atakayoitaja, au anayetaka kuinunua kazi yenyewe.

Mchoraji wa Dunda
Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nina picha 17 kibandani. Kesho naanza kuzipima.