Nimenunua TV ya inchi 43, kituo kinanionyesha inchi 32. Nani ananirudishia zilizobaki?

Wakuu salaam. Nimejizuia wiki nzima, leo nimeshindwa. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa ving'amuzi kugandaganda, haya ni mambo mawili tofauti.

Mwezi uliopita nilipokea pesa ya mchezo, nikashuka Kariakoo nikachukua TV bapa ya inchi 43. Ile ya chogo nikampa shemeji. Jumapili jioni tumekaa familia nzima, kituo kimoja (sikitaji, wenyewe wanajijua) kikaanza tamthilia ya hapa hapa Bongo. Picha ikatokea katikati ya kioo kama stempu kwenye bahasha. Weusi juu, weusi chini, weusi kushoto, weusi kulia. Mke wangu akaitazama TV, akanitazama mimi. "Baba Junior, hii ndiyo ile kubwa?"

Nikamwita fundi. Akabonyeza rimoti mara mbili, weusi wa pembeni ukaondoka, wa juu na chini ukabaki. Akasema huo umekuja na sinema yenyewe, akachukua elfu 15 yake akaenda. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikaanza: mtangazaji ninayemjua kwa wembamba ana mashavu kama anapuliza tarumbeta, na nembo ya kituo ambayo ni duara imegeuka yai. Kumbe jamaa kaivuta tu picha kwa upana, theluthi nzima zaidi ya ilivyokuwa, kimo akakiacha. Mafundi, huko ndiko mnakoita kutengeneza?

Nikarudisha ilivyokuwa, nikachukua futikamba. Kioo changu kina upana wa sentimita 95 na kimo kama 53. Ile tamthilia ilikuwa 71 kwa 40. Ukipima kona kwa kona unapata inchi 32 na kidogo. Kwa eneo, ninatazama asilimia 56 ya kitu nilicholipia, iliyobaki ni kiza kinachokula umeme.

Inakuwaje? TV za chogo zilikuwa 4 kwa 3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Hizi bapa ni 16 kwa 9. Tamthilia imepigwa kwa kamera ya kisasa, 16 kwa 9, yaani ingekaa kwenye kioo changu bila kuacha hata uwazi wa unywele. Ila mtu wa kituo anaichukua anaitumbukiza kwenye fremu ya 4 kwa 3, kama vile nchi nzima bado ina chogo. Ili ienee, inabanwa na kuwekewa weusi juu na chini. Huo weusi sasa ni sehemu ya picha, TV yako haijui kama ni weusi au ni usiku kwenye hadithi. Ikifika nyumbani, TV inaona fremu ya 4 kwa 3, nayo kwa uaminifu wake inaongeza weusi wa pembeni. Mtu kavishwa koti juu ya koti, halafu mnashangaa hapumui.

Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012. Tukaambiwa tununue ving'amuzi, tukanunua, na ahadi ilikuwa picha safi. Miaka yote hii bado kuna mtu pale chumba cha mitambo anayetuandalia picha ya TV ya bibi! Na kwenye ule weusi wa chini ndimo wanamopitishia maandishi ya kubeti. Labda ndiyo sababu wanaupenda.

Sasa kabla hamjanirukia: mistari myeusi yote si kosa. Hapa naona watu wengi wanachanganya. Sinema nyingi za ukumbini ni pana kuliko TV yoyote ya nyumbani, upana unazidi kimo mara 2.39. Mambo hayo yalianza miaka ya 1950, TV zilipoanza kuwanyang'anya wenye kumbi watazamaji, nao wakatanua picha. CinemaScope, mmoja wa mifumo hiyo ya picha pana, ilitoka 1953. Sinema ya hivyo kwangu inakaa upana wote na inachukua kimo cha sentimita 40, juu na chini panabaki weusi, na sina ugomvi nao hata kidogo. Ndivyo ilivyopigwa. Waliotazama mikanda ya VHS mnakumbuka: watu wawili wanazungumza, unaona pua ya mmoja na sikio la mwingine. Walikuwa wanakata pembeni ili kioo cha chogo kijae, na kwa sinema pana kama hizo karibu nusu ya picha ilikuwa inatupwa. Kioo kilijaa, ndiyo. Faida yake?

Ugonjwa huohuo uko baa. Juzi Sinza wameweka mechi, meneja hapendi weusi, kapiga zumu. Ubao wa matokeo pale juu kushoto umekatwa, tukabaki tunaulizana ngapi ngapi. Kona ikipigwa, mpigaji haonekani, mpira unatokea hewani. Nikamwomba apunguze, akaniambia "bosi, wateja wanataka ijae." Nikanyamaza, nikamalizia soda.

Wenye ving'amuzi, ingieni kwenye mipangilio muangalie umbo la TV. Wengi king'amuzi chao kiliwekwa 4 kwa 3 enzi za chogo na hakuna aliyekigusa tangu hapo. Changu nilikuta hivyo, nikabadilisha, vituo vingine vikanyooka siku hiyohiyo. Hicho kimoja ndicho kimebaki na stempu yake. Nimewapigia simu mara mbili, dada wa mapokezi ananiuliza kama nimelipia kifurushi.

Kama kuna mtu humu anafanya kazi chumba cha mitambo cha kituo chochote, aje aseme nani anayeamua haya mambo. Na wewe fundi wangu, najua uko humu, nataka elfu 15 yangu.