Zabuni tatu za kujengewa nyumba: nizilinganisheje?

Ndugu zangu wanajumuiya,

Mimi na mume wangu tumekwisha kununua kiwanja, na msanifu ametukabidhi michoro. Tuliomba bei kwa wakandarasi watatu. Wawili wanakaribiana, lakini wa tatu yuko chini yao kwa takriban theluthi moja, naye anasema yuko tayari kuanza mwezi ujao. Mume wangu angependa tumchukue huyo. Mimi nasita, ila sina hoja ya kumpa. Naomba waliokwisha kujenga huku ugenini watushauri.

*

Dada, salamu kwako na kwa shemeji.

Nilipokuwa najenga, nilizitandaza zabuni mezani nikatazama mstari wa mwisho wa kila moja, na hapo ndipo nilipokosea. Mkandarasi niliyemchagua kwa unafuu wake alikuwa ameandika, kwenye ukurasa wa nne, kwamba bei ya kuchimba msingi ni ya udongo wa kawaida. Siku ya tatu kijiko cha katapila kikaanza kukwaruza mwamba, na tangu saa ile nikawa nalipia mtambo kwa siku, pamoja na usafirishaji wa mawe yaliyotoka. Usiku ule niliirudia zabuni ya yule niliyemwona ghali, nikakuta uchimbaji wa mwamba umo ndani ya bei yake. Kama hamjapima udongo, pimeni kwanza, kisha kila mkandarasi apewe nakala ya ripoti ileile.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni pesa za makisio, yaani kiasi anachotenga mkandarasi kwa vitu ambavyo bado hamjavichagua, kama vile vigae, makabati ya jikoni, taa na vifaa vya bafuni. Anayetaka kuonekana nafuu hutenga kidogo, akijua kwamba mtakapokwenda dukani mtachagua vya bei ya juu na tofauti italipwa na ninyi. Isitoshe, mmoja huhesabu vigae peke yake, mwenzake akahesabu vigae, gundi na ufundi wa kuvipanga. Dawa yake ni ninyi wenyewe kupanga kiasi cha kila kitu, mkaeleza kinajumuisha nini, na wote watatu wakitumie hichohicho.

Baada ya hapo chora jedwali: kazi zote zishuke upande wa kushoto, tangu kusafisha kiwanja hadi kuondoa vifusi vya mwisho, na kila mkandarasi awe na safu yake. Nafasi yoyote iliyo tupu iulizie kwa maandishi, na wakati unasubiri jibu iazime bei ya juu kati ya zile za wenzake. Mkiweza kumlipa mkadiriaji majenzi awaandalie orodha ya kazi na vipimo ambayo wote wataijazia bei, ada yake haitawauma kama ulivyoniuma ule mwamba.

Hakikisheni pia kwamba wote wanatoa aina moja ya bei. Mwenye kutoza gharama halisi na kuongeza asilimia yake si tapeli, lakini jumla anayowapa ni makadirio tu, na haiwezi kupimwa sawasawa na bei ya yule anayejifunga kwa kiasi kimoja.

Kuhusu malipo, mimi humwogopa anayetaka nusu ya fedha kabla hata ya kumwaga zege la msingi. Malipo yafuate hatua iliyokamilika, na asilimia 5 au 10 ya kila malipo izuiliwe mpaka kasoro zirekebishwe. Leseni na bima zithibitishwe kwa waliozitoa, si kwa kutazama nakala. Na huyo aliye tayari kuanza mwezi ujao, mwombeni awapeleke kwenye nyumba aliyoikabidhi miaka miwili iliyopita, kwa maana nyumba mpya bado haijaonyesha nyufa zake.

*

Kaka, ahsante sana.

Jedwali tumelichora jana usiku. Mkandarasi wetu wa bei nafuu ana nafasi tupu kumi na moja, zikiwemo mifereji ya maji ya mvua, umeme wa muda wakati wa ujenzi, na ngazi. Nyumba yetu ni ya ghorofa. Nilipompigia kumuuliza, alijibu bila wasiwasi kwamba alidhani ngazi tutaitafutia seremala wetu wenyewe. Kwa kuazima bei za wenzake kama ulivyoshauri, amepanda hadi nafasi ya pili, na aliyekuwa wa kati sasa ndiye wa chini. Mume wangu amelikagua jedwali mara mbili, kisha akaandika mwenyewe barua ya maswali. Wote watatu wamepewa hadi Ijumaa wajibu kwa maandishi.