Kariakoo wamenipiga: boksi omu 80, ndani omu 250, halafu wakaniuzia na dawa yake

Wakuu habari za usiku. Ni zile hedifoni nilizowauliza humu mbona sauti yake haitoshi, mkanijibu ninunue amplifaya. Kama uzi huu nimeuweka jukwaa lisilo lake mtauhamisha wenyewe, mimi leo sina hali.

Niko Tabata, chumba na sebule, na nina mtoto wa miezi saba. Sabufa yangu tangu mtoto azaliwe imegeuka stuli ya kuwekea beseni, mama watoto alishatoa amri na amri yake haina rufaa. Na mimi nikitoka kazini bila saa moja ya dansi la zamani silali vizuri. Nilikuwa nasukuma siku na iafoni za elfu kumi na tano za mezani barabarani, zile upande mmoja ukifa unazungusha waya pale kwenye pini mpaka sauti irudi, ikirudi unashikilia hapohapo na kidole huhemi. Nikasema hapana, mtu mzima na ajira yangu, ngoja nijichange ninunue kitu cha maana mara moja yaishe. Miezi mitano nimejichanga, bajeti laki nne, ndo mwisho, na hapo chipsi kuku nilishaacha kitambo.

Sikukurupuka, nilisoma usiku na usiku mpaka mke akadhani nina mchepuko kwenye simu. Nikaangukia Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni za Wajerumani, zile za studio za kuziba sikio lote. Sasa kwa wasiojua, hizi zinatoka za omu 32, omu 80 na omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), sura karibu ileile, ugomvi uko ndani. Zenye omu nyingi zinataka volti nyingi ndo zitoe sauti ileile. Mimi mtu wa simu na laptopu ya kawaida, nilijua kabisa nataka 80, hata 32 nisingelalamika. Hiyo 250 nilikuwa naikimbia kama deni la kikoba.

Jumamosi nikashuka Kariakoo. Duka silitaji wala mtaa siutaji, sitaki kesi. Kijana wa pale ana mdomo huyo! "Karibu bosi wangu, kaa hapo kwenye kiti, nikuletee maji?" Kwanza akataka kuniuzia nyingine yenye stika ya dhahabu, eti hii inatoa sauti nyembamba mpaka hezi 40,000. Nikamwambia mdogo wangu, sikio la binadamu linaishia 20,000 na kwa umri wangu huu hata hizo sizifikii, sasa hizo zinazobaki namsikilizishia nani, popo? Akacheka, na mimi nikacheka, nikajiona mjanja wa mjini. Kumbe mwenzangu alikuwa ananipima kilo.

Akaleta boksi. Pembeni limeandikwa 80, nimelisoma kwa macho yangu mawili. Nikasema nijaribu kidogo, akaniambia "bosi hii imefungwa, ukifungua umeshanunua". Na kweli ilikuwa imefungwa, kwa selotepu mpyaaa inayong'aa kwenye boksi lililochakaa pembe, na mimi nimeiona hiyo selotepu wakuu, nimeiona kabisa, nikajiambia labda vumbi la stoo. Laki tatu na themanini. Naomba risiti, jibu: ya mashine bei inapanda. Nikapewa ya mkono, chini ina muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Nikashukuru! Kwenye daladala nimelipakata lile boksi kama keki ya send-off.

Nafika, naoga, nasubiri mtoto alale, nachomeka kwenye simu na kile kiadapta chake cha taipu-si. Napandisha sauti, simu inanionya nitaharibu masikio, nakubali, napandisha mpaka mwisho. Wakuu, nasikia kama harusi ya mtaa wa tatu. Besi hamna, tumba hazina ngozi, mtoto anavyokoroma pale kitandani anasikika kuliko mwimbaji. Laki tatu na themanini!

Napiga simu dukani asubuhi. "Aah bosi, hizo za studio zinataka amplifaya, mi nilijua unayo, we njoo nikufanyie bei ya kishkaji." Na mimi, sijui alinipulizia kitu, Jumatatu nikatoka kazini mapema nikaenda na elfu tisini na tano ya kukopa. Nikapewa kiboksi cha chuma chenye matundu manne ya kuchomekea hedifoni na adapta yake ya umeme. Nikakiunganisha na laptopu. Mpaka leo najiuliza matundu manne ya nini, nyumbani tuko watatu na mmoja hana meno.

Sauti ikapanda kweli, siwezi kusema uongo. Ila ilipanda na wenzake. Kuna shhhhh ya muda wote kama mvua juu ya bati, na chini yake kuna mmmmmm, nikichomoa chaja ya laptopu ile mmmm inakata, nikichomeka inarudi. Nikamwita fundi umeme wa mtaani, afungue soketi: waya wa earth, ule wa njano na kijani, umekunjwa tu kule nyuma haujafungwa popote. Ndo maana ile laptopu ilikuwa inanichonyota mkononi siku zote nadhani ni baridi yabisi. Hilo la mwenye nyumba nitamfungulia uzi wake, leo tubaki na huyu.

Jumatano usiku umeme umekata, nimekaa gizani nazichezea zile hedifoni mkononi. Nikaanza kuutazama waya. Waya umejikunja kama wa simu ya mezani ya ofisini. Moyo ukafanya paa! Kwa sababu nilishasoma, ya omu 80 inakuja na waya ulionyooka wa mita 3, ya 32 nayo umenyooka ila mfupi, mita 1.6, wa kujikunja ni wa 250. Nikawasha tochi, nikazigeuza nikaanza kutafuta maandishi kwenye kikombe cha sikio. 250. Imeandikwa, haijafichwa, iko pale inanitazama. Boksi niliuziwa la ndugu yake.

Alhamisi nikarudi na kila kitu, boksi, hedifoni, kiboksi cha matundu manne, risiti. Sikwenda na shari, nimemwamkia vizuri. Nikamwonyesha huku 80, huku 250. Mnajua alinijibu nini? "Bosi, omu nyingi ndo ubora zaidi, hapo mi nimekupendelea." NIMEKUPENDELEA! Afu akageukia mteja mwingine, "karibu bosi wangu, kaa hapo". Kiti kilekile. Mzee mmoja wa duka la pembeni akaniambia mwanangu nenda tu nyumbani, hapa utapandisha presha bure.

Na hapa nataka niwaguse na nyie humu, msinikasirikie. Nilipouliza kwanza kwamba sauti haitoshi, karibu wote mlinijibu "nunua amp mkuu". Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hedifoni ni omu ngapi na nimechomeka wapi. Hesabu yenyewe wala siyo ya chuo kikuu. Ya 80 na ya 250 zote zimeandikiwa desibeli 96, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa miliwati moja ya umeme. Ya omu 80 inafika hapo kwa volti 0.28 tu, ya 250 inataka volti 0.5, na kiadapta changu cha simu pumzi yake inakatikia hapohapo kwenye nusu volti, kwa hiyo rekodi za zamani zilizorekodiwa sauti ya chini lazima zinong'one.

Kuna jamaa kazini, kijana mpole tu hata haongei, kanisikia nalalamika kantini akanitolea mfukoni kidubwasha ukubwa wa kidole, unachomeka taipu-si upande huu na pini ya hedifoni upande huu. Kinatoa volti 2. Mara nne ya kile changu, yaani desibeli 12 juu. Hakina shhhh wala mmmm, hakitaki soketi, umeme ukikata we unaendelea. Yeye alikinunua elfu sitini na tano. Nikaazima siku mbili.

Sasa hapa ndo hasira yangu ilipo wakuu, hedifoni siyo feki. Zingekuwa feki ningelia nikanyamaza. Ni nzuri balaa. Usiku ule nimesikia mpiga solo akitelezesha kidole kwenye uzi kabla hajaanza kupiga, nimesikia trampeti mbili pale ambapo miaka yote nilijua ni moja, mwimbaji anavuta pumzi ndo anaingia. Zile herufi za s zinachoma kidogo, na pedi za manyoya kwa joto letu hili ukivaa saa nzima masikio yanaoga, ila nimevumilia. Yaani kitu kizuri nimeuziwa kwa uongo, na uongo wenyewe nikaulipia tena elfu tisini na tano.

Msiniambie "ndo Kariakoo ilivyo". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kabisa kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na boksi la 80 lenye 250 ndani kama siyo kudanganya basi mnitafutie jina lake. Risiti ya mkono ndo inaniuma, ningeng'ang'ania ya mashine leo ningekuwa naongea lugha nyingine. Nimepiga picha boksi, waya, yale maandishi na ile risiti, wiki ijayo nachukua ruhusa kazini niende kulalamika panapohusika, na anayejua hatua zinavyokwenda anielekeze, ila wa "achana nao mkuu Mungu atakulipa" mnipishe.

Kile cha matundu manne nakiuza elfu arobaini, na ninakuambia kabisa kina shhhh, usije ukafungua uzi wa mimi. Na kama kuna mwenye DT 770 ya omu 80 anayeitamani 250, anitafute tubadilishane. Aje Tabata, aje na simu yake, avae, asikilize nyimbo tatu nne, asome maandishi kwenye kikombe. Na mimi nitaisoma ya kwake.