Tairi mpya na tyubu za zamani

Swali: Ndugu zangu, nimenunua tairi mbili za inchi 28 kwa baiskeli ninayobebea maji hapa Chamwino. Tyubu zina viraka vinne kila moja, ila bado zinashika upepo. Je, nizibadilishe?

Jibu: Kiraka kilichobandikwa vizuri si tatizo, ndugu. Kagua shina la valvu, kwa maana mpira ukichanika pale hakuna kiraka kitakachoshika.

Jibu: Mimi ningebadilisha. Tyubu ya miaka mingi hutanuka, na ukiirudisha ndani ya tairi mpya hujikunja, kisha penye mkunjo ndipo inapopasuka, tena ukiwa umebeba madumu.

Muulizaji: Nimeikagua ya nyuma, imechanika kidogo shinani. Nitanunua mpya zote mbili, na ile nzima niiweke akiba, maana miba ya migunga huku ni mingi.