Vitambulisho vya shule kuishia ndani ya begi: tupeane uzoefu

Mzee wa Geti
Wakuu, vitambulisho vinatolewa Januari, ikifika Machi havionekani shingoni. Wenye uzoefu wa geti, ofisi au uchapaji, tiririkeni. Naanza na walimu: mkuu wa shule akipita shingo tupu, kidato cha tatu hawavai, na mlinzi hatathubutu kumuuliza mtu aliyevaa suti.

FundiKadi
Laminesheni ndiyo inayoua kadi. Ukikata plastiki sambamba na karatasi, maji yanapenya, wino wa printa ya kawaida unasambaa, sura ya mtoto inabaki doa la zambarau. Acha milimita 3 za plastiki tupu pembeni, na juu sentimita 1 ya kutoboa tundu. Tundu likigusa karatasi, kazi bure. Plastiki yenye unene wa maikroni 125 inakunjika upesi, chukua 250. Mwenye bajeti aende kadi ya PVC, ile ya plastiki ngumu, milimita 85.6 kwa 54, saizi ya kadi ya benki.

Bi Zamu
Hapo kwenye wino umenena.

Klipu Tu
Kamba ya shingoni kwa chekechea ni hatari, inanasa kwenye bembea. Klipu mfukoni, basi.

FundiKadi
Klipu inachana mfuko wa shati kabla muhula haujaisha. Zipo kamba zenye kifungo kisogoni kinachoachia ukivuta. Kabla ya kununua 600, vuta moja kwa mkono uone.

Klipu Tu
Inaachia mara kumi kwa siku, kadi inabaki uwanjani. Klipu!

Mtu wa Maabara
Muache ugomvi. Karibu na moto kamba iingie ndani ya shati. Kwenye mashine ya kukereza ivuliwe kabisa.

Mzee wa Geti
Balaa lenyewe ni siku ya wazazi kutembelea bweni. Mlinzi mmoja, daftari moja, foleni hadi barabarani, ikifika saa 5 amechoka, geti liko wazi. Dawa ni ubao wenye misumari 40 na kadi za wageni zenye namba, rangi ya chungwa ambayo mwanafunzi hana. Mgeni akipewa namba 17, daftarini inaandikwa 17, jina, anayemtembelea, saa ya kuingia. Wawili wagawe kadi, mmoja apokee za wanaotoka. Saa 12 jioni msumari wa 17 ukiwa mtupu, kuna mtu hajatoka, au ametoka na kadi yenu. Hapo ndipo mnazunguka mabweni.

Bi Zamu
Na mgeni aache kitambulisho chake cha NIDA.

Klipu Tu
Zikichanganyika 40 mtajua hamjui. Andika namba, mrudishie.

Mpwani
Mnabishania kamba, shambulio la chuo kikuu Garissa, Kenya, mmesahau? Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, walinzi wa geti la chuo walipigwa risasi kwanza. Watu 148 wakauawa. Kadi ingemzuia nani?

Mzee wa Geti
Isingemzuia yeyote, na hakuna aliyesema kadi inazuia bunduki. Kadi ni ya yule anayekuja saa ya mapumziko, "nimetumwa kumchukua mtoto."

Bi Zamu
Mpwani kanikumbusha jambo: nakala ya orodha ya kila bweni ikae nje ya bweni. Mkihesabu watu usiku, orodha iliyofungiwa ndani haisaidii.

FundiKadi
Mbele weka picha, namba ya usajili na tarehe ya mwisho. Nyuma simu ya ofisi. Makazi ya mtoto, hapana. Jina lisisomeke kwa mbali, asije mtu akamwita njiani kama anamjua.

Mtu wa Maabara
Anayepoteza atozwe elfu tano.

Bi Zamu
Ataazima cha mwenzake, na mlinzi anatazama kamba, hatazami sura. Toza bei ya kuchapa tu.

Mpwani
Na ng'ombe wa shule avae?

FundiKadi
Huyo ana hereni tayari. Klipu Tu, za chuma zinashika kutu, nunua za plastiki.

Klipu Tu
Kwa hiyo umekubali klipu.