Kuvu ndani ya lenzi: nianze kununua nini kwa hewa ya Mombasa?

Mpenzi wa Milango (Tudor)

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikipiga picha kwa mapenzi tu, siku za mapumziko, kwa kamera ya Nikon D3300 niliyoinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. Ilikuja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, betri mbili na mkoba wa ngozi. Ninachopenda zaidi ni milango ya nakshi ya Mji wa Kale, na mashua zinapoingia Bandari ya Kale asubuhi na mapema.

Masika iliyopita sikupata nafasi ya kutoka. Niliiacha kamera ndani ya mkoba wake, mkoba nikautia ndani ya kabati la nguo, na ikakaa humo takriban wiki saba. Nilipoitoa, ngozi ya mkoba ilikuwa na madoa ya kijivu na harufu nzito, nikayafuta nikadhani yamekwisha. Juzi nilipoinua lenzi kuelekea dirishani niliona, ndani kabisa karibu na ukingo wa kioo, nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui. Nimesafisha kioo cha mbele na cha nyuma, lakini nyuzi zimebaki pale pale. Kwenye picha za kawaida sioni tofauti, ila nikipiga kuelekea jua rangi hufifia kana kwamba nimepiga kupitia moshi.

Nimeweka akiba ya shilingi 18,000. Nia yangu ilikuwa kununua lenzi ya pili yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, kwa sababu vichochoroni mwanga ni haba, pamoja na filta ya polaraiza (kioo cha kukoleza anga na kuondoa mng'aro wa maji) na stendi ya miguu mitatu. Sasa nimesita. Je, lenzi hii inaponyeka? Na katika vile nilivyotaja, kipi kitangulie?

Fundi wa Vioo (Ganjoni)

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Hiyo ni kuvu, wala usijilaumu, kwa kuwa lenzi nyingi ninazofungua kila mwaka zimefikwa na jambo hilo hilo kwa njia hiyo hiyo: mkoba wa ngozi, kabati, na majuma kadhaa ya giza. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, na huenda zilikuwa ndani ya lenzi yako tangu siku ilipotoka kiwandani. Zinachongoja ni unyevu. Hewa ikikaa juu ya asilimia 70 kwa siku chache mfululizo, katika joto la kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, mbegu huchipua na kujilisha kwa vumbi na mabaki madogo ya mafuta yaliyomo ndani. Tazama basi hali yetu: Mombasa joto letu limo ndani ya kiwango hicho karibu mwaka mzima, na wakati wa masika unyevu unaweza kukaa juu ya kiwango hicho usiku na mchana. Ngozi nayo hunywa maji hewani na kuyashika. Kwa hiyo mkoba ule uliodhani unailinda kamera ndio uliokuwa ukiilea kuvu.

Ipime kwanza. Itoe lenzi kwenye kamera, zima taa za chumbani, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma huku ukitazama kwa mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzi chache ukingoni, lenzi bado itakutumikia miaka mingi. Zikiwa zimefika katikati, au kioo kimefanya ukungu mweupe, mwangaza utatawanyika ndani na picha zitapoteza ukolezi, hasa unapopiga kuelekea jua kama ulivyosema. Jambo la kuogopa ni kwamba kuvu hutoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya kioo, na utando ukishalika, hata fundi akiondoa kuvu yote alama hubaki pale pale.

Nitakuambia ukweli hata kama unanipunguzia kazi: kwa lenzi ya 18 hadi 55, gharama ya kuifungua na kuisafisha inaweza kukaribia bei ya kupata nyingine kama hiyo mkononi. Usiifungue mwenyewe, kwani vioo vyake vimepangwa kwa vipimo vidogo sana, na kimoja kikirudi kimepinda kidogo upande mmoja wa picha hautalenga tena. Itumie kama ilivyo, lakini izuie kuvu isiendelee kukua.

Hapo ndipo fedha yako ianzie. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, la aina ile ya kuhifadhia chakula, la lita 10 hivi. Tia ndani punje za silika, gramu 200 zitatosha kwa kuanzia, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usijivunie kushuka hadi 20, kwa sababu ukavu wa kupita kiasi nao hauifai mipira na grisi ya lenzi. Chagua silika ya rangi ya chungwa, ambayo hugeuka kijani ikishashiba maji. Ile ya buluu inayogeuka waridi hutiwa kobalti, ambayo ni sumu, na si kitu cha kuweka karibu na jikoni wala watoto. Ikishiba, iweke kwenye oveni yenye nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, nayo hurudi rangi yake na kufanya kazi tena.

Mkoba wa ngozi usiuweke chumba kimoja na kamera.

Mvita Kaskazi

Nami niliwahi kupatwa na jambo hili. Mzee wangu alinifundisha kuweka kamera ndani ya chombo cha mchele mkavu, na kuianika lenzi juani kila Ijumaa ili kuvu ife. Mchele upo kila nyumba, kwa nini mtu agharimie silika?

Fundi wa Vioo (Ganjoni)

Ndugu Mvita, mzee wako alikuwa na nia njema, na jambo la kuitoa kamera kila juma alilijua vyema kuliko wengi wetu, kwa kuwa kifaa kinachotumika na kupitishwa hewa hakiugui upesi. Lakini mchele huvuta unyevu kidogo sana kulinganisha na silika, na huacha unga wa wanga unaoingia kwenye viungo vya lenzi, nao wanga ni chakula cha kuvu. Hayo ya jua yana hatari mbili. Kwanza, lenzi hukusanya miale ya jua mahali pamoja, na iwapo imeelekezwa vibaya huweza kuunguza vipande vya ndani au hata kitambaa kilicho chini yake. Pili, joto hulainisha grisi, nayo ikiyeyuka huteremka hadi kwenye majani ya tundu na kuyafanya yakwame. Miale inayoweza kudhuru kuvu ni ile ambayo vioo vya lenzi huizuia kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kuvu iliyo ndani hainufaiki wala haidhuriki sana.

Bi. Nakshi (Kibokoni)

Mwanangu wa Tudor, nimefurahi kusikia kuna kijana anayeipenda milango yetu. Mimi nimekuwa nikiipiga picha kabla kamera za kidijitali hazijafika mikononi mwetu, na mingine niliyoipiga haipo tena pale ilipokuwa. Kuhusu sanduku, mfuate fundi. Mimi nitasema juu ya lenzi na filta.

Kwa kamera yako, tafuta lenzi ya Nikon ya milimita 35 yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), iliyoandikwa AF-S, yaani ina mota yake ya kulenga, na DX, yaani ya kamera zenye sensa ndogo kama yako. Herufi hizo zina maana. D3300 haina mota ya kulenga ndani ya mwili wake, kwa hiyo ukiuziwa lenzi ya zamani yenye alama ya AF-D, ambayo haina mota yake, picha utapiga lakini kulenga utalenga kwa mkono kila mara. Nimeona vijana wawili wakiuziwa lenzi ya milimita 50 ya aina hiyo, wakarudi nyumbani wakidhani imeharibika. Pia sensa yako, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ni ndogo kuliko ya fremu kamili ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo lenzi ya 35 hukuonyesha takriban kile ambacho 50 ingeonyesha kwenye kamera kubwa, na upana huo ndio unaoufaa mlango unapokuwa umesimama upande wa pili wa kichochoro na mgongo wako umegusa ukuta wa jirani. Lenzi ya 50 itakukosesha nafasi ya kurudi nyuma.

Faida yake ya mwanga ni hii: lenzi uliyo nayo, ukiizungusha hadi 35, tundu lake hufunguka hadi f/4.5 hivi, na tofauti kati ya hapo na f/1.8 ni takriban mara sita ya mwanga. Mahali ulipokuwa ukipiga kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na ikipanda sana huleta chembechembe), sasa utapiga kwa 500 hivi, na nakshi za ua na mnyororo zitaonekana bila chembechembe. Lakini mlango wenyewe usiupige kwa f/1.8 ukiwa karibu, kwa sababu misumari ya shaba itatoka kwenye ubao kwa ukali na kizingiti kitakuwa ukungu. Funga tundu hadi f/5.6 au f/8, na hapo ndipo stendi inapohitajika, ingawa katika vichochoro vyetu stendi huziba njia ya watu na mikokoteni. Mimi huegemea nguzo ya baraza, huvuta pumzi, hubonyeza. Omba ruhusa kwa wenye nyumba kwanza. Nimekaribishwa kahawa mara nyingi kuliko nilivyokataliwa.

Filta ya polaraiza ni nzuri mno kwa pwani, ila watu huinunua bila kujua inafanya kazi wapi. Nguvu yake iko pale unapotazama kwa pembe ya digrii 90 kutoka kwenye jua. Ukienda upande wa Nyali alfajiri ukaitazama Ngome ya Yesu ng'ambo ya mkondo, jua liko mgongoni mwako, na filta hiyo itakupotezea mwanga bila kuibadilisha anga. Ukiigeukia kaskazini au kusini saa hiyo hiyo, anga hukolea. Adhuhuri, kwa kuwa sisi tuko digrii nne tu kusini mwa ikweta na jua karibu hutusimamia utosini, anga iliyo juu ya upeo wa bahari hukolea pande zote, na mng'aro juu ya maji huondoka hata ukaona mwamba chini. Hukula mwanga wa hatua moja hadi mbili, na kila hatua ni nusu ya mwanga, kwa hiyo ivue uingiapo vichochoroni. Uulize ile iitwayo ya mzunguko, kwani ile ya mstari huivuruga kamera ya aina yako katika kulenga na kupima mwanga. Na neema iliyoje: lenzi yako ya 18 hadi 55 na hiyo ya 35 zote huvaa filta ya milimita 52, basi moja itakutosha.

Jambo la mwisho, mwanangu. Ukitoka ufuoni siku ya upepo wa kusi, kioo cha mbele huwa kimerushiwa chumvi. Usikifute kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chembe za chumvi hukwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikamue, pitisha taratibu hadi chumvi iyeyuke, ndipo ukaushe. Wala usibadilishe lenzi hapo ufuoni kwa hali yoyote.

Mpenzi wa Milango (Tudor)

Nawashukuru sana, Fundi na Bi. Nakshi, na Ndugu Mvita pia, kwani swali lake la mchele hata mimi nilikuwa nalo moyoni. Nimemulika lenzi kwa tochi: nyuzi ziko ukingoni peke yake. Nimenunua sanduku, silika ya chungwa na kipima unyevu, na fedha iliyobaki naiweka kwa ajili ya lenzi ya 35, nikisubiri ile yenye AF-S. Stendi nimeiacha.

Swali moja limebaki. Kipima unyevu changu ni cha bei nafuu. Kabatini kilisoma asilimia 79. Nitajuaje kama kinasema kweli?

Fundi wa Vioo (Ganjoni)

Chukua kizibo cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji hadi ilowe iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Kitie pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki ufungike kabisa, uuache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma pungufu au zaidi, tofauti hiyo ndiyo kosa lake, na utaiongeza au kuipunguza kila unaposoma.

Mpenzi wa Milango (Tudor)

Nimefanya. Asubuhi kilisoma 71, kwa hiyo kinapunguza nne, na kabati langu la nguo lilikuwa na 83. Sanduku, baada ya usiku wa pili, linasoma 44, yaani 48. Kamera imo ndani yake sasa, na mkoba wa ngozi nimeutoa nje ya chumba.