Tupeane uzoefu: urafiki wa Yasmin na Mwajuma uliwagusa wapi?

Msomaji wa Mbagala: Wadau, salaam. Nimemaliza kurudia Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ile ya 1999. Kidato cha tano tuliisomea mtihani: fani huku, maudhui kule, dhamira ni ukombozi na ndoa ya kulazimishwa, basi. Urafiki wa Yasmin, binti wa Kihindi, na Mwajuma wa Ng'ambo, kule mjini Unguja, niliupa mistari miwili tu. Safari hii ndio ulionishika. Kwao Yasmin wanamfungia mlango, Mwajuma anamfungulia chumba chake. Mwandishi hahubiri, mandhari inamsemea: kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni kuvuka Darajani tu, lakini ukoloni uliwafanya watu waishi kama dunia mbili. Nanyi tupeni yenu.

Mama Zuhra, Kariakoo: Bibi yangu alikuwa na shoga yake Mhindi, ghorofani mtaa wa nyuma. Bibi akipeleka vitumbua, sahani inarudi na bajia na chatne. Haikurudi tupu hata siku moja. Nyumba zilipotaifishwa 1971, familia ile ikahamia Kanada, na sahani yao ya mauaridi ikabaki kabatini kwetu. Mpaka bibi anafariki hakuna aliyeruhusiwa kuilia. Shuleni tulipofundishwa ishara, mwalimu alitaja giza, damu, bendera. Mimi nikawaza sahani. Riwaya ya kihistoria naipima hapo hapo: historia ikifika jikoni kwa watu, mwandishi ameweza. Tarehe tunazo kwenye vitabu vingine.

Mwalimu wa Kigamboni: Naipenda riwaya hii na naifundisha, ila Mwajuma amepunjwa. Mateso ya Yasmin tunayajua tangu anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa. Ya Mwajuma twayasikia juu juu, kwa kuwa ni mhusika msaidizi. Wanafunzi wangu huwa nawapa kazi: andika barua ya Mwajuma kwa Yasmin. Binti mmoja aliandika, "Shoga, siku kwenu wakikuita, mimi utanikumbuka?" Darasa zima lilinyamaza, nami nikakosa la kuongeza.

Msomaji wa Mbagala: Mwalimu, nitairudia tena kwa jicho la Mwajuma. Mama Zuhra, shikamoo. Ile sahani iko wapi sasa?

Mama Zuhra, Kariakoo: Marahaba mwanangu. Ninayo mimi. Ina ufa mmoja pembeni.